Moshi wa bluu kwenye gari la zamani: jua kwanza unatoka saa ngapi

Mjomba wangu alikuwa na Corolla ya mwaka 1996 aliyobebea abiria kati ya Muheza na Tanga mjini. Ilipoanza kutoa moshi wa bluu aliipeleka gereji. Fundi akatazama bomba la nyuma, akasema neno moja: "Ringi," yaani zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Injini ikafunguliwa siku hiyohiyo. Pistoni zikatoka, ringi mpya zikaingia, gasketi mpya, oili mpya, na pesa ya machungwa ya msimu mzima ikaishia pale. Asubuhi ya kwanza gari lilipowashwa nyumbani, moshi uleule ukatoka, rangi ileile, harufu ileile. Kilichokuwa kimekufa ni sili za valvu, vimpira vidogo visivyozidi ncha ya kidole.

Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa kushika tochi. Leo ni fundi hapa Ngamiani, Tanga mjini, na bado naletewa magari yaliyofunguliwa injini bila mtu kumuuliza mwenye gari swali la kwanza kabisa: moshi huu unauona saa ngapi? Asubuhi tu? Ukiteremka mlima? Ukipanda? Muda wote? Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua mahali isipotakiwa kuwepo, na kila njia inayoipitisha oili hiyo ina wakati wake wa kujionyesha. Jibu la mwenye gari lina thamani kuliko spana ya kwanza utakayoishika.

Ni bluu kweli?

Watu wengi huniambia bluu kumbe ni nyeupe au nyeusi. Moshi mweusi ni petroli au dizeli nyingi kupita hewa, na hiyo ni habari nyingine. Mvuke mweupe unaotoka asubuhi na kupotea injini ikipata moto ni unyevu tu wa kwenye eksozi, na hapa pwani unyevu haukosekani. Mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yanapungua, tafuta gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini. Wa bluu una kijivu ndani yake, unakaa hewani kama ukungu badala ya kupotea, na una harufu kali ya oili iliyoungua inayong'ang'ania nguo.

Utazame mahali penye kivuli nyuma yake, ukutani au chini ya mwembe, maana juani kila moshi unaonekana mweupe. Kisha shika karatasi nyeupe kiganja kimoja kutoka mdomo wa bomba, mwenzako apige resi kidogo kwa nusu dakika. Matone ya maji yatakauka na kuacha karatasi safi. Oili inaacha madoa ya mafuta yasiyokauka. Fanya hivyo nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa gari unaua.

Kwa gari la dizeli kuwa mwangalifu zaidi. Likiwashwa baridi na kutoa moshi mweupe wenye ubluu unaochoma macho, mara nyingi hiyo ni dizeli isiyoungua vizuri: nozeli zinazopulizia dizeli zimechoka au taimingi, yaani wakati wa kuipulizia, imekosewa. Usiwaze ringi kabla hujapima nozeli. Na ukiona mashine za boti pale Deep Sea au Sahare zinafuka bluu, usishangae. Nyingi ni za mapigo mawili, oili yake inachanganywa na petroli makusudi, kwa hiyo kwao moshi huo ni kawaida.

Vitu viwili vya kutazama kabla ya kufungua chochote

Cha kwanza ni kiasi cha oili. Simamisha gari mahali pa tambarare, zima, subiri dakika tano, chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili ikiwa juu ya alama ya juu, kranki shafti inaipiga mpaka inakuwa povu, na povu hilo linavutwa kupitia mpira wa kupumulia injini hadi kwenye hewa inayoingia. Hapo gari zima linafuka na hakuna kilichoharibika. Nimeona gari lililofuka hivyo baada ya kubadilishiwa oili kwa sababu galoni nzima ya lita 4 ilimiminwa kwenye injini inayobeba lita 3 na kitu. Tulipunguza oili, tukaliendesha mpaka Pongwe na kurudi, moshi ukaisha.

Cha pili ni kile kidude mafundi tunachokiita PCV. Ni valvu ndogo, kwa kawaida imechomekwa kwenye kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini, ikiunganishwa kwa mpira na manifoldi ya hewa, yaani mabomba ya kuingizia hewa. Kazi yake ni kuvuta gesi zinazopenya chini ya pistoni na kuzirudisha zikaungue. Ikiziba, presha inajaa tumboni mwa injini na kuisukuma oili popote penye upenyo: kwenye sili, kwenye gasketi, juu ya pistoni. Ikikwama wazi, inavuta oili moja kwa moja. Ichomoe uitikise karibu na sikio. Nzima inalia kochokocho, iliyoganda iko kimya. Ipulize kwa mdomo ukitumia kipande safi cha mpira. Upande wa injini hewa ipite kwa urahisi, upande wa manifoldi ipite kwa shida au isipite. Tazama na mpira wake, maana ukizeeka unalegea na kujibana ndani bila kuonekana kwa nje. Valvu hii haifikii bei ya galoni ya oili, na ni jambo la dakika kumi. Sijui ni injini ngapi zimefunguliwa bure kwa sababu yake, ila zilizopita mikononi mwangu zinatosha kuniuma.

Unatoka asubuhi tu

Mama mmoja wa Chumbageni aliniletea Noah yake. Baada ya salamu nikamuuliza, "Mama, moshi unauona saa ngapi?"

"Asubuhi tu, mwanangu. Nikiwasha kuwapeleka wajukuu shule, unatoka wingu. Nikifika barabara kubwa haupo tena."

Kwa jibu hilo kazi ilikuwa imeshafika nusu. Usiku injini imelala, oili iliyobaki juu ya hedi inashuka pole pole kandokando ya shina la valvu. Kinachoizuia ni sili, kimpira kinacholibana shina. Joto la miaka 20 linakifanya kiwe kigumu kama ganda la kifuu, hakibani tena. Tone moja moja linadondoka juu ya pistoni au nyuma ya valvu. Ukiwasha saa kumi na mbili asubuhi, akiba ya usiku kucha inaungua kwa pamoja: wingu la nusu dakika hadi dakika mbili, halafu kimya.

Kwa hiyo gari lenye moshi huwa naomba lilale kwangu, na asubuhi nawasha mwenyewe huku mtu amesimama nyuma. Hili nawaambia pia wanaokwenda kununua gari la mkononi: fika bila kutangaza saa, na kabla ya kuwasha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mwenye gari amekwishaiwasha, na moshi wa asubuhi umekwishatoka ukiwa hupo. Rudi kesho.

Unatoka ukikanyaga mafuta baada ya mteremko

Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo, kilomita zipatazo 30 za kona na korongo, ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi. Kaa nyuma ya pikapu ya kabichi inayoshuka kupita Soni kwa gia ya pili. Dereva hakanyagi mafuta, injini ndiyo inashika gari. Kule ndani, mlango wa hewa umefungwa huku pistoni zinaendelea kuvuta, na mvuto unakuwa mkubwa kupita wakati mwingine wowote. Mvuto huo unanyonya oili kwenye shina za valvu za kuingizia hewa kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Moshi huuoni bado. Mteremko ukiisha pale Mombo, dereva akanyage mafuta, ndipo wingu la bluu linafunika barabara, na baada ya sekunde chache hewa inakuwa safi.

Wingu la namna hiyo, likifuatiwa na usafi, ni sili za valvu au miongozo ya valvu, vibomba ambamo shina hupita, iliyolika. Huna haja ya kupanda Usambara kulipata. Mjini acha injini kwenye sailensa, yaani iungurume bila kukanyagwa mafuta, dakika kumi ikiwa imepata moto, kisha piga resi ghafla hadi mizunguko 3,000 hivi. Sili mbovu zinatoa wingu moja kubwa, halafu ukishikilia resi palepale moshi unapungua. Ringi mbovu hazipunguzi, zinaendelea kufuka kadiri unavyokanyaga.

Kubadilisha sili si lazima kushusha hedi, na hili ndilo lingemwokoa mjomba. Geuza injini mpaka pistoni ya silinda unayoishughulikia ifike juu na valvu zake zote ziwe zimefunga. Kama una kompresa na kiunganishi cha tundu la plagi, jaza hewa, valvu zitashikiliwa zisidondoke ndani. Kama huna, rudisha pistoni chini kidogo, ingiza kamba kupitia tundu la plagi, acha ncha yake nje, kisha ipandishe pistoni taratibu kwa mkono mpaka kamba ibanane chini ya valvu. Tanga ni nyumbani kwa mkonge, lakini hapa kamba ya katani haifai kwa sababu inaacha nyuzi ndani ya silinda. Tumia ya nailoni iliyosokotwa laini. Kabla ya kubana springi, ziba kwa vitambaa matundu yote ya kurudishia oili, maana vile vipande viwili vidogo vinavyoifunga springi kwenye shina vinapenda kuruka, na kikitumbukia kimoja chini utafungua injini kwa sababu nyingine kabisa.

Sili ikishatoka, shika shina la valvu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza waziwazi, mwongozo umelika, na sili mpya itakaa miezi michache tu. Hapo mwambie mwenye gari ukweli kwamba hedi inatakiwa kushuka.

Corolla ya mjomba tuliimaliza kwa kamba, mchana mmoja na kipande cha jioni, chini ya mti uani kwake. Sili 16.

Unatoka muda wote, na zaidi gari likibeba mzigo

Sasa ndipo tunapoanza kuzitazama ringi. Moshi unaoongezeka ukipanda mlima, ukijaza abiria, ukikimbia barabara ya Segera, usiojali asubuhi wala jioni, unaashiria oili inayopanda kutoka chini. Washa injini ikiwa ya moto, fungua kifuniko cha kujazia oili na kilaze juu ya tundu bila kukikaza. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirukaruka na moshi ukapumua pumu-pumu kwa mpigo wa injini, gesi nyingi zinapenya pembeni ya pistoni. Lakini usisahau kwamba PCV iliyoziba inatoa picha hiyohiyo. Ndiyo maana nilisema uianze hiyo.

Chomoa plagi zote uzipange kwa mfuatano wa silinda zake. Moja ikiwa nyeusi na mbichi kwa oili na nyingine tatu kavu, tatizo liko silinda moja: ringi iliyovunjika, mkwaruzo, au sili moja. Zote zikiwa na oili au majivu magumu, uchakavu ni wa jumla.

Halafu pima kompresheni, yaani presha ambayo kila pistoni inaibana hewa. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, petroli na umeme wa plagi vimekatwa, ekseleta imekanyagwa hadi mwisho, betri iwe na nguvu. Piga stata mpaka mshale uache kupanda. Injini ya petroli ya Toyota kama 4A-FE au 5A-FE ikiwa nzima inatoa kama psi 185. Chini ya psi 142 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Silinda iliyo chini imwagie oili kijiko kimoja cha chakula kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, na hapo umejua. Isipopanda, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi.

Kuna mtego hapa, na naomba usomwe polepole. Kompresheni inashikwa na ringi mbili za juu. Oili inapanguswa na ringi ya tatu, ya chini. Ringi hii ya chini inaweza kuganda kwa masizi ndani ya mfereji wake, ikaacha oili ipande, na bado kipimo cha kompresheni kikasoma vizuri kabisa. Ugonjwa huu unajulikana sana kwenye injini za 1ZZ-FE za mwanzo, zile za Premio, Allion na Wish za lita 1.8 za miaka ya mwanzo ya 2000. Matundu ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini ni madogo, na oili ikichelewa kubadilishwa yanaziba. Fundi anayesema "kompresheni nzima, basi ringi nzima" atakuzungusha mwaka mzima.

Ringi zilizoganda, tofauti na zilizolika, zinaweza kujaribiwa kulowekwa. Unamimina dawa ya kusafishia masizi juu ya kila pistoni, pistoni zote zikiwa katikati, unaacha usiku mzima, unaongeza inaponywea. Asubuhi, kabla ya kurudisha plagi hata moja, funika matundu kwa kitambaa na upige stata ili kila kimiminika kiruke nje. Kimiminika hakibanwi. Ukiwasha kikiwa bado ndani, konrodi zitapinda. Kisha mwaga oili na ubadilishe filta kabla ya kuendesha. Mara nyingine inasaidia sana, mara nyingine nusu, mara nyingine hakuna kitu. Kwa bei yake ni halali kujaribu kabla ya overholi, yaani kuifungua injini yote na kuiunda upya.

Ikifika overholi, usikubali ringi mpya kuwekwa kwenye silinda ambayo haijapimwa. Ukipitisha kucha juu ya ukuta wa silinda na kukuta ngazi inayokwaruza kucha, ukuta umelika, na ringi mpya haitakaa duara ndani ya shimo lisilo duara. Bloku itachongwa na kuwekwa pistoni za ovasaizi, kubwa kidogo kuliko za mwanzo. Hata kama haijalika, ukuta unaong'aa kama kioo lazima upigwe msasa wa mikwaruzo inayokatana, maana hiyo ndiyo inayoshika oili na kuizoesha ringi. Mapengo ya ringi yapishane, yasikae kwenye mstari mmoja, na ringi yenye alama, alama itazame juu. Mambo haya madogo ndiyo yanayofanya overholi moja idumu na nyingine ifuke ndani ya miezi mitatu.

Kama gari lina turbo

Surf na Prado zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE nyingi zinahukumiwa ringi kumbe ni turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Fungua mpira wa hewa na ushike ncha ya shafti: kucheza kidogo sana kwa pembeni kunavumilika, kucheza kwenda mbele na nyuma hakuvumiliki. Oili iliyotuama kwenye bomba la baada ya turbo ni ushahidi mzito. Kagua pia bomba la kurudishia oili, maana likiziba hata turbo mpya itavuja.

Oili inapungua lakini moshi huuoni

Hili linawatisha watu kuliko moshi wenyewe. Kwanza tafuta uvujaji: weka boksi safi chini ya gari usiku mmoja. Kama ni kavu, kumbuka kwamba masega ya eksozi, kile kisafishio cha moshi ndani ya bomba, yakiwa bado yapo na mazima, yanaweza kuuchoma moshi kiasi cha kuuficha, na kwamba oili inayoungua kidogo kidogo haionekani kwa macho. Ipime. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, na baada ya kilomita 1,000, yaani karibu safari moja na nusu ya kwenda Dar na kurudi, ona kiasi ulichoongeza. Chini ya nusu lita kwa gari la miaka 25, mimi nalivumilia na kuongeza. Ikifika lita nzima, tafuta chanzo. Hatari kubwa haiko kwenye moshi. Iko kwa dereva asiyechomoa stiki, oili ikashuka chini ya alama ya chini, beringi za konrodi zikaanza kugonga.

Wengi hukimbilia oili nzito. Kwa joto letu la pwani, 20W-50 kwenye injini ya zamani isiyo na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu, haina ubaya mkubwa, na itapunguza moshi wa sili kwa muda. Kwenye injini yenye VVT-i mfumo huo unategemea oili nyepesi ipite kwenye vijia vidogo, kwa hiyo fuata namba iliyo kwenye kitabu cha gari.

Baada ya kazi ya ringi, usiogope moshi wa dakika za kwanza. Ni oili iliyopakwa wakati wa kuunganisha, pamoja na iliyobaki ndani ya eksozi. Kilomita 1,000 za mwanzo usilishike gari kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu wala usilibebeshe mzigo mkubwa. Kanyaga na kuachia kiasi, ringi zizoeane na ukuta. Badilisha oili ikifika hapo. Chomoa stiki kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kama bado inashuka, usirudi kwenye pistoni. Rudi kwenye PCV, kisha kwenye sili, na umwombe mwenye gari aliache lilale kwako usiku mmoja.